Kilichomo Ndani ya Difu ya Baba

Owosso, Michigan
10 Juni 1986

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, na pole na joto la huko Arizona. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi kimekuacha, au bado kinakuamsha alfajiri? Huku sisi ni wazima. Mvua imenyesha wiki nzima na nyasi za uani sasa zinatosha kulisha ng'ombe. Maua ya Mama niliyapeleka kaburini Siku ya Kumbukumbu, yale mekundu uliyoagiza. Verlin Stuckey anakusalimu sana. Bado anakagua magari pale kwenye uwanja wa mbio, na bado anatafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kwenye kikombe.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu iko jikoni, na jikoni ndiko anakoishi mume wangu Darrell siku hizi, akila na kuzungumzia gari. Nina jambo ambalo sitaki alisikie, na roho yangu haijatulia hata kidogo.

Jambo lenyewe ni gari lake. Unalikumbuka, lile la kijani alilonunua kwa sababu ni pacha wa lako: mwaka uleule, injini ileile, giaboksi ileile. Msimu wa baridi uliopita alilifungia supachaja, ile mashine ya kuisindilia injini hewa, na Verlin anakadiria nguvu imekaribia mara mbili ya ile ya kiwandani. Injini sina wasiwasi nayo, ameijenga vizuri. Ninachoogopa ni vile vinavyofuata nyuma yake mpaka magurudumuni: giaboksi, propela shafti, lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma, na zaidi ya vyote difu, lile boksi la gia linaloigawia magurudumu ya nyuma. Hivyo hajavigusa. Ni vilevile vilivyotoka kiwandani.

Nilipomuuliza kama difu itahimili alicheka. Akasema, "Mke wangu, baba yako alilikimbiza lake miaka tisa, difu ya kiwandani, haikung'oka hata jino. Mzee ameunda giaboksi maisha yake yote. Wewe ndiye utakayemsahihisha?" Nikamwambia gari lake limepona mpaka leo kwa sababu tairi za barabarani zinateleza; akikanyaga mafuta zinazunguka bure na kutoa moshi, na nguvu inaishia hapo. Akanijibu kwamba ndiyo maana amenunua tairi laini za mbio, zile zinazong'ang'ania lami kama gundi. Wewe unajua, Baba. Tairi ikikataa kuteleza, nguvu yote inarudi ndani kutafuta kilicho dhaifu.

Na sisemi habari za chuma tu. Mwaka jana Gerald Pruitt, yule fundi bomba, alikanyaga mafuta pale kwenye mstari wa kuanzia mbio, difu ikakwama, propela ikakatika kwa mbele, ikachimba lami na kupenya sakafu ya gari. Mpaka leo anatembea kwa magongo. Darrell ni mmoja wa waliomtoa, alirudi na damu kwenye viatu, na bado anasema Gerald alifunga vitu vyake ovyo.

Anataka kukimbia Jumamosi ya wiki ijayo. Nia yake ni kuuvunja muda wako, ule ulioandikwa ubaoni kwenye kibanda cha tiketi. Nilipozidi kumsumbua alinirushia neno kwamba sitaki baba yangu apitwe. Iliniuma, maana zamani ingekuwa kweli.

Sasa nisikilize vizuri. Mwishoni mwa Mei gari lako, ulilotuachia hapa nyumbani, lilianza kudondosha mafuta chini ya difu. Darrell alikuwa kazini, nikaamua kubadilisha gasketi mwenyewe. Nikafungua kifuniko. Baba, ekseli nilizoziona mle ndani hazikutoka kiwandani. Ni nene, za kazi ya lori, na gia zake vilevile. Nikakwangua ile rangi nyeusi kwenye mirija inayobeba ekseli, nikakuta umeilehemu pande zote mbili. Ulehemu wako naujua popote, huwa umelalia kushoto. Nilikaa sakafuni na tochi mkononi, nikacheka, halafu nikalia.

Nilimfuata Verlin. Akakiri kwamba alikusaidia kuzifunga, lakini alikupa neno lake, kwa hiyo yeye hajaona kitu. Akaongeza kuwa pale mbioni hajazaliwa mtu wa kusema ukweli juu ya gari lake; muulize yeyote, atakwambia lipo kama lilivyotoka dukani. Hilo nalijua. Kumdanganya mpinzani ni sehemu ya mchezo, nami nimekua nikiucheka. Lakini uongo huo uliuleta mpaka mezani kwetu, kila Siku ya Shukrani, bata mzinga akiwa bado anatoa moshi, na Darrell amekaa anakusikiliza mdomo wazi. Hakuwa na baba wa kumfundisha. Alikuwa na wewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa robo maili, urefu wa mbio zenu, na sasa anayeikimbia ni mume wangu.

Utauliza kwa nini sikumwita aone kwa macho yake. Nilitaka. Halafu nikamwona kichwani mwangu, amelala chali chini ya gari lako, anaitazama difu na kukudharau, nawe uko mbali huwezi kujieleza. Nikarudisha kifuniko na kukaza bolti. Nataka asikie kutoka kwako.

Sasa langu. Jana, Darrell akiwa zamu ya jioni, niliingia chini ya gari lake, nikafungua bolti nne, nikaichomoa propela shafti na kuificha. Anaamini ni wezi. Amepiga simu polisi, na amewashuku vijana wa nyumba ya pili ambao hawana kosa. Kinachomchanganya ni kwamba mwizi aliuziba mkia wa giaboksi kwa mfuko wa mkate na mpira wa kufungia, mafuta yasimwagike. Anauliza, "Mwizi gani huyu mwenye adabu?" Mimi naendelea kuosha vyombo.

Alitaka kung'oa ya gari lako. Nikamwambia hawezi kuigusa bila kukuomba. Kwa hiyo Jumapili, Siku ya Akina Baba, atakupigia. Atakutakia heri, atakuulizia goti, kisha atakuomba umwazime propela. Tafadhali Baba, usimjibu la propela. Mwambie kilichomo ndani ya difu.

Yake iko chini ya kitanda chenu, upande wa Mama, imefunikwa blanketi. Akishaweka simu chini, nitapanda ngazi na kuishusha mbele ya macho yake. Uongo wako na wangu uishe siku moja, na atukasirikie sote wawili, mradi awe na miguu miwili ya kutukasirikia nayo.

Msalimie jirani yako wa domino. Usiache dawa ya goti. Tunakupenda sana, pamoja na yote.

Ni mimi binti yako, uliyemfundisha kuziba giaboksi kwa mfuko wa mkate,

Lorna