Laini ya Mama Inafungwa Ijumaa

Jumatatu, 3 Novemba

Bando la wiki limekufa siku ya pili. Siku ya pili! Sijaangalia video hata moja. Nikauliza kampuni, ikanijibu ile roboti yao ya huduma kwa wateja. Ninaiita Bi Pole, maana kila jibu lake linaanza na "pole kwa usumbufu". Eti huenda simu yangu inakula data kwa siri. Mimi huyu! Ninayefundisha mtaa mzima kuzima programu zinazokula data kwa siri.

Basi, hilo si la leo. La leo ni meseji aliyotumiwa mama. Mteja mpendwa, hakiki laini yako kwa alama za vidole kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo itafungwa. Amenifuata nayo mpaka kwenye duka la fotokopi ninapofanya kazi, povu bado liko kwenye viwiko. Mama ni dobi, mwaka wa thelathini na moja huu, na haachi nguo za watu majini kwa jambo dogo.

Kwake hili si dogo. Mdogo wangu aliondoka miaka miwili iliyopita. Aliuza laptopu yangu, nikamwita mwizi mbele ya wapangaji wote, kesho yake kitanda kitupu. Akapiga mara moja tu, baada ya miezi mitatu, namba kaificha. Alipiga Jumapili saa kumi jioni, mama yuko kwenye pasi. Mtoto wa nyumba anajua: siku nyingine zote mikono ya mama iko majini, Jumapili saa kumi ndiyo imekauka. Akasema yuko salama, na mama asibadilishe namba. Kwisha. Toka siku hiyo mama kabadilisha simu mara mbili, laini ni ileile. Nikimletea laini yenye ofa nono ananirudishia. "Hiyo kitinda mimba wangu haijui."

Nimemwambia atulie, ni dakika tano tu. Ananiamini. Si ndiye mimi niliyemwekea programu ya kuzuia matapeli, baada ya yule wa "umeshinda gari" kutaka kumliza? Kila mwisho wa mwezi inaleta ripoti: tumekukinga dhidi ya simu mbili za usumbufu. Mama hufurahi kweli. Asante, Injinia! Jina hilo alinipa yeye, mtaa ukalidaka.

Jumanne, 4 Novemba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Foleni saa mbili na nusu. Nilianza vizuri, namweleza mama jinsi ile mashine inavyosoma vidole, taa nyekundu kazi yake nini, mpaka mtu wa mbele akageuka kuniuliza kama naziuza. Tukafika. Mhudumu ana kucha ndefu mpaka anabonyeza kompyuta kwa ubavu wa kidole. Nitamwita Kucha.

Dole gumba la kulia, haikusoma. La kushoto, haikusoma. Vyote kumi! Kucha anaitazama skrini, mama hamtazami. Akasema mama aende akaoshe mikono arudi.

Akaoshe mikono! Mwanamke anaosha mikono tangu Kucha hajazaliwa! Mama akamnyooshea viganja. "Mwanangu, hii ikizidi usafi itaisha." Foleni nzima ikaangua kicheko, na mama mwenyewe akacheka. Mimi sikuweza. Niliviangalia vile vidole kama naviona leo. Vimekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki, mstari hata mmoja hakuna. Soda, maji ya moto, mashuka ya gesti, sare za wauguzi, mashati ya watu wa ofisini. Pengine na shati la aliyeibuni hiyo mashine lilipita hapo. Mimi nimesomeshwa na vidole hivyo, halafu nasimama kwenye foleni nasifia taa nyekundu.

Nikasema basi namba iandikwe kwa jina langu, vidole vyangu hivi hapa. Kucha akasema inawezekana kabisa, hakuna shida. Mwenye namba aweke tu kidole kukubali kuihamisha.

Nilimtazama nikidhani anatania. Hatanii.

Tumeambiwa mama avipumzishe vidole, avipake mafuta, turudi Alhamisi.

Jumatano, 5 Novemba

Dakika arobaini na Bi Pole. Nimemwandikia kwamba vidole vya mama havisomeki. Pole kwa usumbufu, jaribu kidole kingine. Vyote kumi vimekataa. Pole kwa usumbufu, jaribu kidole kingine. Nikaandika tusi. Asante, tatizo lako limetatuliwa, utatupa nyota ngapi?

Nikapiga simu. Muziki. Bonyeza moja, bonyeza nne, muziki tena, na sauti ya kubembeleza kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao. Ingekuwa muhimu wangeipokea! Watu hawa wameweka mnara mpaka juu ya ghala la mbao, matangazo yao yamejaa kila ukuta, na mtu mmoja wa kuinua simu hawana.

Na nilikuwa nawatetea. Bosi wangu anaandika kila kitu kwenye daftari, anasema karatasi haitafuti mtandao, na mimi nimemcheka mwaka mzima. Leo kaniangalia tu. Heri angecheka.

Mama hajafua. Kakaa kwenye kigoda, mikono imejaa mafuta, kaiweka mapajani kama ya kuazima. Mwenye gesti kaja, kafoka, kaondoka na mashuka yake machafu kwa dobi mwingine.

Alhamisi, 6 Novemba

Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimeonekana! Asilimia thelathini na nane. Inatakiwa sitini, lakini mama alipiga makofi kama mtoto kafaulu mtihani. Na Kucha, nimtendee haki, leo alisimama. Alizunguka meza, akakishika kile kidole, akakipulizia pumzi, akakibonyeza yeye mwenyewe taratibu. Arobaini na moja. Akakipulizia tena. Arobaini na nne. Watu wa nyuma wakaanza kuhesabu kwa sauti.

Halafu sistimu ikalala.

Hivyo ndivyo wanavyosema: imelala. Meza zote nne kimya. Tumekaa mpaka wafagizi wametutoa. Kucha alituomba radhi kwa sauti ndogo. Akaniambia pembeni nimwone meneja kesho asubuhi na mapema, kuna fomu.

Ijumaa, 7 Novemba

Meneja ana tai na feni ya peke yake. Nikamwambia nimekuja kwa ile fomu. Akasema fomu ipo, ila ni ya wasio na vidole.

"Mama yako ana vidole," akasema. Na kweli alivihesabu! Kwa macho, kimoja kimoja, mpaka kumi.

Hapo nilipandwa. Nilisema yote mpaka ya Bi Pole na ya bando. Nilimwambia wametengeneza mlango unaofunguka kwa mikono isiyofanya kazi tu. Walinzi wawili wakaja mlangoni. Mama ananivuta nguo, "Injinia, inatosha, Injinia," sauti yenyewe inatetemeka, na nadhani ni ile sauti, si maneno yangu, iliyomfanya meneja atoe kalamu. Kaandika: vidole vipo, havisomeki. Kapiga muhuri saa nne kamili. Laini itafungwa leo pamoja na nyingine, mfumo hauna huruma, lakini itafunguliwa ndani ya saa arobaini na nane.

Saa kumi na moja jioni vijiti vya mtandao vimetoweka. Hakuna huduma. Mama kaitikisa simu, kaipeleka dirishani, kaipeleka uani, karudi nayo. Kaniuliza kama mtu akipiga sasa hivi atasikia nini. Nikamwambia ataambiwa haipatikani.

Jumamosi, 8 Novemba

Sijui niandikeje.

Asubuhi niliichukua simu ya mama ninakili majina, ikitokea laini isirudi. Nikafungua programu ya matapeli kuona kama kuna namba ya kuokoa humo. Sijawahi kuifungua tangu niiweke. Ripoti nilikuwa naziona, orodha sikuifungua. Kwa nini niifungue? Ilikuwa inafanya kazi!

Namba iliyofichwa. Jumapili. Saa kumi na dakika tano jioni. Imezuiwa.

Namba iliyofichwa. Jumapili. Saa kumi na dakika kumi na mbili. Imezuiwa.

Nikateremka mpaka chini. Arobaini na tatu. Ya kwanza ni ya tarehe 17 Machi mwaka jana, siku ya nne tu baada ya mimi kuiweka hiyo takataka na kujisifu mtaa mzima. Kila baada ya wiki mbili, bila kukosa, saa kumi na kitu. Hamna tapeli anayejua saa ya pasi ya mama yangu.

Simu mbili za usumbufu kila mwezi. Na mama ananishukuru!

Siwezi hata kumpigia, namba kaificha. Kaificha kwa sababu yangu, hilo halihitaji shahada: anajua dada yake angemtafuta kwa mashine. Na najua anachosikia kule aliko. Inaita mara moja, inakatwa. Arobaini na tatu. Anadhani ni nani anayeikata?

Wiki nzima nimetukana meneja, nimetukana roboti. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliye nguoni mwa mama.

Ya mwisho ni ya tarehe 26 Oktoba. Wiki mbili. Ni kesho.

Jumapili, 9 Novemba

Saa nne asubuhi. Saa arobaini na nane zimetimia. Hakuna huduma. Nimekimbia mpaka kwenye ofisi yao: kufuli, na bango la familia inayocheka na simu. Nimemwandikia Bi Pole kwa laini yangu. Ombi lako linashughulikiwa. Pole kwa usumbufu.

Saa nane mchana. Programu nimeifuta. Kabla ya kuifuta nimenakili tarehe zote arobaini na tatu hapa nyuma ya daftari, kwa mkono. Bosi angefurahi.

Saa tisa na nusu. Nimemwambia.

Nilitaka kungoja nione kama laini itarudi kwanza. Lakini alikuwa anapanga mashati juu ya meza, mashati machache wiki hii, na simu kaiegemeza kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia, na nikashindwa. Nikasema yote kwa mkupuo. Nilitegemea kofi, na ningelipokea.

Mama alibaki na shati mkononi. "Kwa hiyo alikuwa anapiga?"

Nikasema ndiyo, mama. Mimi ndiye niliye—

"Alikuwa anapiga!" Akakaa. Analia na kucheka pamoja, ananipiga piga begani na lile shati. "Mtoto wangu alikuwa anapiga!" Ningependa sana anitukane. Akataka nimsomee tarehe. Zote. Nikasoma, na yeye ananikatiza: hiyo nilikuwa na magauni ya harusi ya mwalimu, hiyo pasi iliunguza kola ya yule askari, hiyo nilikuwa naumwa lakini nilisimama hivyo hivyo. Nilipofika ya thelathini hivi aliliweka shati chini. Kisha akauliza taratibu, kama alivyouliza juzi, kule yeye alikuwa anasikia nini.

Nikamwambia. Sikuweza kumdanganya.

Aliinuka, akachomeka pasi.

Saa kumi kamili. Hakuna huduma. Yeye anapiga pasi, mimi naandika ili mikono yangu isiende kwenye ile simu. Nimeshaizima na kuiwasha mara sita.

Saa kumi na dakika nne. Kijiti kimoja! Mama kakiona kabla yangu. Kimepotea. Nimenyoosha mkono.

"Iache," kaniambia, wala hakugeuka. "Umeshaigusa vya kutosha."

Saa kumi na dakika saba. Kijiti kimoja. Kimekaa. Sistimu hizi hudanganya, kijiti si huduma, nimeona simu zenye vijiti vinne na hazipigiki. Naandika tu. Mama kaisimamisha pasi. Mikono yake ni mikavu tangu Jumanne, lakini anaipangusa kwenye gauni, kiganja na mgongo, kiganja na mgongo, na kidole kimoja kimoja.

Vijiti viwili.