Chunyu Imesogea, Baba

Baba,

Ndugu, majirani na walimu wenzako wameketi mbele yangu, siku hii ya kuweka msalaba kaburini kwako, nao wameniruhusu nizungumze nawe kwanza. Nina habari za ramani yako.

Ule ukuta wa darasa hapa Mbekenyera, uliouchora ramani ya Ruangwa na Nachingwea kabla sijazaliwa, umepasuka, na utabomolewa. Nikaomba ruhusa shuleni kwangu Nachingwea, nikaja kuihamishia ramani kwenye ukuta mpya kwa njia uliyonifundisha: miraba midogo juu ya ramani ya zamani, miraba mikubwa ukutani, kisha mraba kwa mraba. Wanafunzi wa darasa la saba walinisaidia. Niliwapa uzi waulaze juu ya kila barabara, kona kwa kona, waunyooshe kwenye kipimo cha ramani, halafu walinganishe na ramani iliyochapishwa. Nachingwea ilikuwa sawa. Nkowe sawa. Chunyu ikagoma. Uliiweka karibu mno na hapa Mbekenyera.

"Mwalimu, hapa marehemu katupiga chenga!" akasema binti mmoja, na darasa zima likacheka. Nami nilicheka, Baba. Kisha nikashindwa kuendelea. Wewe, uliyenirudishia daftari kwa kusahau tu mshale wa kaskazini!

Nilimuuliza Mama. Alikuwa akibangua korosho, hata kichwa hakuinua.

"Mwalimu na baiskeli yake! Kila Jumapili yuko kwetu Chunyu, anakuja kunichumbia, jasho mpaka kwenye soksi. Baba yangu akimuuliza kama hachoki, anajibu, 'Si hapo tu, mzee?' Kumbe mwenyewe aliamini."

Walimu wenzako walinisihi niiache Chunyu pale ulipoiweka. Nilitamani sana. Nilijua kwamba nikiigusa, ninaondoa kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kukichora. Lakini ulituambia daima kwamba ramani huchorwa kwa ajili ya mtu asiyeijua njia, na mtu huyo hatakiwi kulala porini kwa sababu ya mapenzi yako.

Nikaisogeza.

Rangi ilipokauka, Mama alikuja kuiona. Aliweka kidole Mbekenyera, akakisukuma taratibu kufuata barabara, akapita pale mistari ya miinuko inapobanana, penye mlima mkali, akaendelea, akaendelea, hadi Chunyu. Kidole kikabaki pale.

"Kumbe alikuwa anatoka mbali hivi," akasema.

 

Sasa pumzika. Rangi ikififia nitaipaka upya, na wanafunzi wangu hawatachora hata kijia kabla ya kuandika kipimo. Baiskeli yako nimeitia mnyororo mpya. Mama akitaka kwenda kwao nitampakia nyuma, tuifuate njia yako yote. Na akiniuliza kama sichoki, ninalijua jibu.

Kwaheri, Baba.

Binti yako