Baba, Ukungu Ulikuwa Kwenye Kioo

Kamwene, Baba.

Macho yangu ni mazima. Nimeanza na hilo maana ungekuwepo ningekupigia simu kabla sijatoka hata kwenye geti la hospitali.

Pikapu yako ninayo mimi. Tulipokuzika Kalenga, Mama alinikabidhi ufunguo, akasema mdogo wangu Elia ana pikipiki yake, "wewe unabeba mbolea na mbegu, chukua." Nikaja nayo Mbeya. Bado tunakaa Mbalizi na duka langu liko Uyole, kwa hiyo asubuhi jua linanipiga usoni, na jioni nikirudi hivyo hivyo.

Siku za mwanzo nilikuwa nalia tu humo ndani. Halafu nikaanza kuona ukungu. Jua likichomoza, mbele kunakuwa kweupe kama nimefunikwa chandarua, na malori yananitokea ghafla. Nikakumbuka wewe ulivyoanza. Ulikuwa unasema, "Kuna moshi barabarani," na moshi haupo. Mwisho tukawa tunakushika mkono kukupeleka kanisani. Na daktari wako alishatuambia presha ya macho hutembea kwenye ukoo.

Sikumwambia mtu, Baba. Hata mume wangu. Nilikuwa nafumba jicho moja naangalia kalenda ukutani, kisha nafumba la pili. Watoto wakivaa sare za shule nawatazama tu, najiuliza nitawaona hadi lini.

Ndipo Elia akaja kututembelea. Asubuhi akasema leo anaendesha yeye. Tulipoingia barabara kuu akapunguza mwendo, akainamisha kichwa, akasema, "Dada, hivi wewe unaonaje humu? Mimi sioni kitu!"

Nikamwambia asimame pembeni. Nilicheka, nikalia, yeye ananishangaa. Elia huyu huyu anayesoma gazeti la mtu wa meza ya jirani!

Zilikuwa waipa zako, Baba. Zile ulizokataa kubadilisha ukisema bado zina maisha. Mpira uliisha, chuma kikawa kinakwaruza kioo, vumbi nalo likasagwa humo humo. Kioo kizima kilijaa michirizi ya nusu duara, myembamba, usiyoiona mpaka jua liipige.

Nilipomweleza Elia nilichokuwa nakiogopa, hakunitania. Alisema, "Twende tukapime, tulimalize." Daktari akanipima presha ya macho, akamulika ndani. Kisha akasema, "Mama, uko salama. Ila kwa sababu ya mzee wako, uwe unarudi kila mwaka."

Leo tumekisugua kioo. Elia alitafuta ule unga wa kung'arishia vioo, akaukoroga na maji kama uji, akafunga pedi laini kwenye drili, akawa anazungusha taratibu huku mimi namwagia maji kioo kisipate moto kikapasuka. Mkwaruzo mmoja ulikuwa unanasa ukucha, tukauacha. Alisema tukiuchimba kioo kitabonyea, barabara itaonekana imepinda. Uko chini upande wa abiria, haunisumbui. Tukasuuza, tukafunga waipa mpya. Nikakaa kwenye usukani, jua likiwa mbele yangu, nikaona majani ya mgomba wa jirani, moja moja. Nikabaki nimekaa tu, Baba. Mabega yangu yalishuka, sikujua kumbe nilikuwa nimeyapandisha muda wote huo.

Sehemu ya moshi wako nadhani ilikuwa kioo. Sehemu kubwa haikuwa. Hilo linaniuma, lakini leo nina furaha na siwezi kukuficha.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitapima kila mwaka, na Elia nitamburuta, na watoto wakikua nitawapeleka, hata kama wote tunaona vizuri. Wewe ulichelewa kwa sababu hakuna aliyekuambia. Sisi tumeambiwa.

Binti yako,
Tumaini