Kesi ya Mama Aliyeondoka

Muthangari,
Nairobi.
14 Juni, 2025

Mpendwa Shangazi Mabruka,

Assalaam aleikum. Shikamoo, Shangazi. U hali gani, na goti lako je? Mume wangu Ridhaa aliporudi kutoka Lamu alisema sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikashukuru sana. Sisi huku tu wazima. Baridi tu ndiyo inayotuonea. Naenda kazini na sweta mbili, wanafunzi wananicheka.

Uliniuliza kwenye simu kama shule mpya imenikubali, laini ikakatika kabla sijajibu. Imenikubali, lakini haikuwa rahisi, na ningependa uyasikie yote.

Nilipewa Kiingereza, kidato cha tatu. Ni wasichana werevu, ila insha zao zote zilianza na jua kuchomoza na ndege kuimba, hata insha ya msiba. Walikuwa wamekariri. Aliyenitia wasiwasi zaidi ni Ndanu, msichana wa Kawangware anayelelewa na nyanya yake. Huyo aliandika aya moja tu, akaweka kalamu, akatazama dirishani mpaka kengele.

Tulikuwa tukisoma hadithi fupi ya mama anayewaacha watoto wake akatafute kazi ng'ambo. Badala ya maswali na majibu ya kila siku, nikawaambia tumshtaki. Darasa liwe korti, kuwe na mawakili, mashahidi na hakimu, na kila mmoja aandike mwenyewe atakayosema. Debra, mcheshi wao, akachaguliwa kuwa mama. Ndipo Ndanu, ambaye hakuwa amewahi kunyoosha mkono, akaunyoosha. "Mimi nitamshtaki."

Mwalimu Mbuthia, mkuu wa idara yetu, hakupendezwa. "Madam, hii ni darasa ama ni korti? Mtihani uko karibu na hawa hawajamaliza silabasi." Akasema atakuja kukaa nyuma ajionee, na akiona ni mchezo atanipokonya darasa.

Siku ya kesi Ndanu alisimama amevaa joho la kwaya. Alisoma maswali yake moja baada ya jingine, kwa Kiingereza kilichonyooka. Kisha akaweka karatasi chini akauliza jambo ambalo halikuwa humo wala kwenye hadithi. Nakutafsiria:

"Ulipofika langoni, uligeuka kututazama?"

Alisema "kututazama," si "kuwatazama." Sote tulisikia. Debra akaacha vichekesho vyake, akajibu polepole, "Ningegeuka, nisingeenda."

Msichana aliyekaa karibu nami akaninong'oneza kwamba mamake Ndanu yuko Saudia, anafanya kazi za nyumbani, tangu Ndanu akiwa mtoto wa shule ya msingi. Mimi sikuwa nikijua! Nikainuka kusimamisha kesi, lakini Ndanu akatikisa kichwa. "Tuendelee, mwalimu."

Wakaendelea. Hakimu akashindwa kuamua, akaagiza kila mtu aandike hukumu yake.

Ndanu alijaza kurasa tatu, hamna jua wala ndege. Hakumsamehe mama yule, wala hakumfunga. Alimwamuru apige simu kila Ijumaa, na watoto wamuulize chochote wanachotaka.

Mbuthia alinisubiri mlangoni. "Makelele sijapenda," akasema. "Lakini wameandika." Akabeba zile hukumu akaenda kuzisoma. Darasa ameniachia, mradi nimalize silabasi. Wiki iliyopita nikapita nje ya darasa lake nikasikia korti imewaka moto, na yeye mwenyewe ndiye hakimu, anagonga meza.

Naye Ndanu alimsomea mamake hukumu yake kwenye simu. Walizungumza mpaka chaji ikaisha. Hakuniambia walisemezana nini, nami sikumuuliza. Jumatatu akaniletea insha ambayo hata sikuwa nimeiagiza, kuhusu nyanya yake na landilodi wanaogombana juu ya jogoo anayewika kabla ya alfajiri. Nilicheka peke yangu katika chumba cha walimu hadi Mbuthia akaniomba nimsomee.

Nisalimie Mzee Shee na wote nyumbani. Ridhaa anakusalimu, na anaulizia achari yako ya maembe bila haya. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, na atukutanishe katika heri.

Mimi mwana wa kaka yako, mwenye mapenzi nawe,
Shahida