Wavuvi Wasio na Chombo

Salale,
Kibiti.
14 Juni 2025

Mpendwa dada Johari,

Assalaam alaykum. Nisamehe, dada, nianze na lililo kifuani, maana nikitanguliza salamu nitaogopa tena. Mwisho wa mwezi huu kuna mkutano wa kijiji, na nimeamua kusimama niseme. Sijamwambia mtu, hata mama.

Sasa, hujambo? Huko Tanga mnaendeleaje? Mwanao Zaidi ameshaota meno? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mgongo wa mama umepoa, na mpunga tumeuvuna kabla nguruwe hawajaumaliza.

Tangu nimalize kidato cha nne nakwenda na mama na wenzake kutanda uduvi kijitoni, maji kiunoni, kila wawili wakikokota kanga yao kama wavu. Mwezi uliopita kamati ya wavuvi ilikifunga kijito chetu, tusivue tena humo. Jirani yetu Mama Mashavu akamwuliza mwenyekiti, Mzee Gharibu, mbona sisi hatukuulizwa.

"Mvuvi ana chombo baharini," akasema mzee. "Nyie mna kanga."

"Na huo uduvi unaotowelea wali, mwenyekiti, ulikuja jikoni kwa miguu yake?"

Watu walicheka sana, lakini kijito kikabaki kimefungwa.

Siku ile, tukiwa tumekaa tu pwani, niliwasimulia tulichosoma kwenye historia. Watumwa wa Haiti walisikia kwamba huko Ufaransa, kwa mabwana zao, watu wametangaziwa uhuru na usawa. Wakauliza, na sisi je? Nikawaambia pia kwamba katiba yetu inasema watu wote ni sawa, na haikutaja chombo. Nilisema kwa sauti ndogo, unanijua.

Tangu hapo hawaniachi. "Rudia, mwanangu, ile ya watumwa," ataniambia Bi Mwanaidi. Hata Semeni, asiyejibizana na mumewe, juzi kamwambia kama haki ni ya mwenye chombo, basi leo ale chombo.

Walikubaliana Mama Mashavu awasemee mkutanoni, suala la kijito likifika. Lakini mumewe kaapa kwamba akifungua mdomo tu, arudi kwao. Jana alitueleza akilia, na hakuna aliyejitolea kushika nafasi yake. Tukinyamaza siku hiyo, kamati itaandika kwamba wanawake wameridhika, na kijito ndiyo kimekwenda.

Dada, situlii. Shuleni hata jibu nililolijua sikunyoosha mkono. Najaribu maneno peke yangu shambani, nikisikia mtu anapita najifanya naimba. Na baba naye ni mjumbe wa kamati, atakuwa amekaa mbele yangu. Hajawahi kunipiga, ila akikasirika hunyamaza siku nyingi, na kimya chake nakiogopa kuliko fimbo. Mwalimu alitufundisha watumwa wale walidai nini. Hakutuambia yule wa kwanza kuuliza aliogopa kiasi gani.

Nisalimie shemeji Sufiani na mkweo Bi Rukaya, na umbusu Zaidi. Mama, baba na shangazi Sihaba wanakusalimu. Mungu akulindie nyumba yako na akuzidishie riziki ya halali. Niombee dua.

Tafadhali, dada, usimwambie mtu, hata shemeji. Na usimpigie mama simu mpaka mkutano upite, maana ataisikia sauti yako na kujua kuna jambo. Akijua atanikataza, nami akinikataza nitashukuru.

Mdogo wako akupendaye,
Subira