Kwa Nini Hakuna Anayenishambulia

Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Manyunyu yanaanguka Kilindoni tangu asubuhi, na bati la nyumba yangu lina sauti moja tu, ya kubembeleza. Nimejilaza kwenye mkeka, kadi arobaini za mchezo wa vita nimezitandaza mbele yangu. Ukiziangalia muda mrefu hivi, misitu iliyochorwa huanza kupumua.

Mwaka mzima nimeishi nusu humo ndani. Nasahihisha madaftari ya jiografia huku akili iko kwenye ngome fulani ya mawe, napanga lango likae wapi.

Kila Jumamosi alasiri tunacheza watu wanne, nyuma ya duka la dawa anakouza Salma: yeye, Hamisi wa bodaboda, Deo wa ofisi ya kilimo, na mimi, ninayewazidi wote kwa karibu miaka thelathini. Kila mtu huja na fungu lake la kadi alilolipanga mwenyewe. Anayebaki hai mwishoni ndiye mshindi, na mara nyingi nabaki mimi.

Mbinu yangu naijua kama sala. Simshambulii mtu. Najenga kuta, nalundika nguvu taratibu, nawaacha wenzangu watafunane, halafu zamu za mwisho namtoa Joka, kadi yangu kali kuliko zote. Hapa hapa kwenye blogu niliwahi kuieleza kwa aya tisa. Niliringa, nakiri.

Jana kadi za kuta ziligoma kuja. Hamisi alikuwa na mazimwi watatu tayari, nami niko mtupu mbele yake. Akanitazama, akahesabu kimyakimya, kisha akawaelekeza kwa Salma, ambaye kuta zake zilikuwa zimesimama imara.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mwalimu, nimekuamkia shikamoo pale mlangoni," akasema. "Sasa nikae nikupige na mazimwi?"

Salma na Deo hawakucheka. Waliendelea kupanga kadi zao, kama watu waliosikia jambo la kawaida kabisa.

Kumbe.

Leo baada ya ibada nikaingia kwenye mchezo huohuo kwa simu, na watu watatu nisiowajua. Nikajiita Kasa. Kadi zilezile, mbinu ileile. Zamu ya tano nilikuwa nje, wa kwanza kutoka.

Iliniuma. Nilizionea aibu zile aya tisa. Lakini chini ya aibu kulikuwa na utamu nisioujua jina: watu watatu walinihofia kiasi cha kuniwahi. Pale dukani sijawahi kuhofiwa. Nimetunzwa tu, kama vikombe vya wageni kabatini.

Siwezi kuwaomba waache shikamoo. Mama yake Salma akisikia atamsema wiki nzima. Na mimi mwenyewe naipenda, marahaba yangu hutoka moyoni.

Basi nimetoa kuta zote. Mahali pake nimeweka mazimwi wepesi, wenye mabawa. Jumamosi, zamu yangu ya kwanza, nitampiga Hamisi bila sababu yoyote, ili apate ruhusa ya kunirudishia. Nataka kuwashinda kweli, au wanishinde kweli.

Nimefumba macho nione itakavyokuwa. Mazimwi wangu wanashuka polepole, mabawa yamelowa, hawana sauti. Hamisi anainua uso.

Na akiniambia, "Ahsante, Mwalimu," nitafanya nini?