Sukari ya Mtu Mmoja

Mpendwa Hooyo, mama yangu,

Nakuandikia kwa hasira, kwa kuwa najua wewe ungenielewa.

Unakumbuka vita vya shifta, wale waasi wenye silaha, vilipopamba moto, malori yakawa hayatoki Thika kuja Garissa bila kibali na askari wa kuyasindikiza? Zamani ulichagua mwenyewe wa kukuuzia sukari ya kibanda chako. Ghafla kibali kikabaki kwa tajiri mmoja, kwa sababu ndiye aliyejua kumhonga afisa wa serikali aliyevitoa vibali. Bei ikapanda, ikapanda tena. Tukanywa chai chungu.

Tajiri alipokuja kukushawishi uuze sukari yake kwa bei yake, ulimjibu, "Wallahi, sitawakamua jirani zangu kwa ajili yako." Ukafunga kibanda. Nilikukasirikia, Hooyo. Tulikuwa na njaa.

Kisha ukawakusanya wanawake wa sokoni, mkaketi mlangoni pa afisa, askari na bunduki zao wakiwatazama. Nilikuwa nimeng'ang'ania nguo yako kwa woga. Ukamwuliza kwa Kiswahili chako cha kugeuza "p" kuwa "b", "Bwana mkubwa, kwa nini nabea kibali mtu moja tu? Hawa wengine yote ni shifta?"

Akafoka, akatishia kuwafunga. Hamkuinuka. Mwishowe akaogopa wakubwa wake wasisikie, akatoa kibali kwa mfanyabiashara wa pili.

Sukari ilishuka bei wiki ile ile! Ukafungua kibanda, ukawaita wateja kwa majina. Halafu wale wafanyabiashara wawili wakaketi pamoja, wakaelewana, bei ikarudi juu. Sijapata kukuona umechoka vile.

"Wameoana hawa," ulisema, "na mahari tunalipa sisi."

Hata hivyo ulirudi kudai kibali cha tatu. Hukusikilizwa. Ni vita vilipokwisha na njia kufunguliwa kwa kila mwenye lori ndipo tukapumua.

Sasa mimi ni bibi mwenye wajukuu, naishi mtaa wa Iftin hapa hapa Garissa, na sukari imepanda tena. Mara wanasema ukame, mara dola. Huenda. Lakini maduka yote ya mtaa huu yanachukua mzigo kwenye ghala moja, na mwenye ghala ana rafiki katika ofisi ya serikali. Nilipomwuliza huyo rafiki, alinijibu, "Mama, soko ni huru."

Huru kwa nani, Hooyo? Nilitoka pale kwa hasira, safari hii bila woga. Nimekwisha kuwaita majirani. Kesho tunakwenda kumwuliza sote kwa pamoja.

Allah akurehemu, akupe raha uliyonyimwa hapa.

Binti yako, mkaidi kama wewe